Miguel Muñoz, kocha aliyeijenga upya Real Madrid bila kuuachia ubingwa

Miguel Muñoz Mozún, raia wa Hispania aliyeinoa klabu ya Real Madrid kwa takribani miaka 14 na timu ya taifa ya nchi yake kwa miaka 6, ndiye mtu wa kwanza katika historia kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akiwa mchezaji na baadaye akiwa kocha. Akiwa katika benchi la Real Madrid aliongoza zaidi ya michezo 600 na kutwaa vikombe 14, vikiwemo 9 vya Ligi Kuu ya Hispania. Idadi hiyo ya vikombe haikufikiwa na kocha mwingine wa klabu hiyo kwa zaidi ya nusu karne, hadi Carlo Ancelotti alipoivuka mwezi Desemba 2024.

Pamoja na hayo, jina lake halitajwi mara nyingi pale makocha wakubwa wa dunia wanapojadiliwa. Hakuacha mfumo wa uchezaji unaoitwa kwa jina lake, wala hakuwa mtu wa kutoa matamshi yanayokumbukwa. Ni rahisi kumwona kama mtu aliyebahatika kurithi kikosi kilichojaa nyota na kukiacha kijiendeshe chenyewe. Tathmini hiyo inasahau jambo moja. Wachezaji aliowakuta mwaka 1960 walikuwa wamekaribia mwisho wa safari yao, na ilikuwa lazima mtu fulani awaondoe mmoja baada ya mwingine, akiwemo yule aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Muñoz alilifanya hilo, na katika miaka yote ya mabadiliko hayo klabu iliendelea kuwa bingwa wa nchi isipokuwa kwa msimu mmoja tu.

Alizaliwa jijini Madrid tarehe 19 Januari 1922. Alicheza nafasi ya kiungo, akipitia Logroñés na Racing Santander kabla ya kujiunga na Celta ya mji wa Vigo. Mwaka 1948 alihamia Real Madrid pamoja na mshambuliaji Pahiño, waliyekuwa naye Celta. Klabu aliyoikuta haikuwa hii inayojulikana leo. Rais wake, Santiago Bernabéu, alikuwa ametoka kuzindua uwanja mpya mkubwa, lakini Real Madrid ilikuwa haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1933.

Mambo yalibadilika baada ya kuwasili kwa Alfredo Di Stéfano, raia wa Argentina, mwaka 1953. Ubingwa wa ligi ulirejea mwaka 1954 na ukatetewa mwaka uliofuata. Tarehe 8 Septemba 1955, Real Madrid ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, mashindano yaliyokuwa yameanzishwa mwaka huo huo, dhidi ya Servette mjini Geneva, nchini Uswisi. Bao la kwanza la klabu hiyo katika mashindano hayo lilifungwa na Muñoz. Akiwa nahodha, alipokea kombe mwaka 1956 mjini Paris baada ya Reims ya Ufaransa kufungwa mabao 4 kwa 3, na mwaka 1957 jijini Madrid baada ya Fiorentina ya Italia kulala kwa mabao 2 kwa 0. Alistaafu kucheza mwaka 1958.

Alianza ukocha kwa kazi za chini ndani ya klabu ile ile. Mwaka 1959 alishika nafasi ya kocha mkuu kwa muda mfupi, wakati Luis Carniglia alipokuwa nje ya kazi, kisha akarejea nyuma kuinoa Plus Ultra, timu iliyokuwa ikilea vijana wa Real Madrid. Huko alifahamiana na wachezaji ambao miaka mitano baadaye wangekuwa tegemeo lake. Kwa wakati ule hakuna aliyeitilia maanani kazi hiyo.

Mwezi Aprili 1960 klabu ilikuwa katika hali ya mshtuko. Barcelona, iliyofundishwa na Helenio Herrera, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi huku timu hizo mbili zikiwa na pointi sawa, na sasa mahasimu hao walipaswa kukutana katika nusu fainali ya Ulaya. Kocha Manuel Fleitas Solich kutoka Paraguay aliondolewa. Bernabéu alimkabidhi mikoba Muñoz, ambaye alikuwa na umri wa miaka 38 na hakuwa na uzoefu wowote wa maana katika ukocha wa ngazi ya juu. Mbele yake chumbani walikaa watu ambao miaka miwili tu kabla ya hapo walikuwa wachezaji wenzake: Di Stéfano, Francisco Gento, José María Zárraga, José Santamaría.

Barcelona ilifungwa mabao 3 kwa 1 Madrid, na tena mabao 3 kwa 1 nyumbani kwake. Tarehe 18 Mei 1960, katika uwanja wa Hampden Park mjini Glasgow, mbele ya watazamaji zaidi ya 127,000, Real Madrid iliifunga Eintracht Frankfurt ya Ujerumani Magharibi mabao 7 kwa 3. Ferenc Puskás, raia wa Hungary, alifunga mabao 4 na Di Stéfano 3. Mchezo huo bado unahesabiwa kuwa miongoni mwa michezo bora kuwahi kuchezwa barani Ulaya, na wengi waliouandika waliwasifia wafungaji hao wawili kuliko mtu aliyekaa benchi. Hawakukosea. Wiki chache za ukocha hazitoshi kumfanya mtu astahili sifa ya kikosi kile. Septemba mwaka huo huo Muñoz aliongeza Kombe la Mabara, kwa sare ya bila kufungana na Peñarol mjini Montevideo na ushindi wa mabao 5 kwa 1 Madrid.

Kuanzia hapo kazi yake halisi ndipo ilipoanza. Msimu wa 1960-61 Barcelona ililipa kisasi na kuifanya Real Madrid itolewe Ulaya kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanzishwe. Mwaka 1962 timu ilirejea katika fainali, mjini Amsterdam, na kufungwa na Benfica ya Ureno mabao 5 kwa 3. Puskás alifunga mabao matatu usiku ule na bado akawa upande wa walioshindwa. Upande wa pili kijana mwenye umri wa miaka 20, Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo nchini Msumbiji, alifunga mabao mawili ya mwisho. Tofauti ya umri kati ya timu hizo mbili ilikuwa imeonekana kwa macho.

Nyumbani tatizo hilo lilifichika, kwa kuwa Real Madrid ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1961, kisha 1962, 1963, 1964 na 1965. Mwaka 1962 iliongeza na Kombe la Hispania. Katika mazingira ya namna hiyo viongozi wengi wa michezo huridhika, kwani ni vigumu kumshawishi mtu abomoe nyumba isiyovuja. Muñoz alianza kuibomoa taratibu. Luis del Sol aliuzwa Juventus mwaka 1962. Mwaka huo huo waliwasili Amancio Amaro kutoka Deportivo La Coruña na Ignacio Zoco kutoka Osasuna. Baadaye akaja Pirri kutoka Granada. Vijana waliokulia ndani ya klabu, kama Ramón Grosso na Manuel Velázquez, walipelekwa kwa mkopo katika timu nyingine ili wakomae kabla ya kurejeshwa.

Sababu moja ya mwelekeo huo haikutokana na matakwa ya kocha. Baada ya timu ya taifa kutolewa katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la mwaka 1962 nchini Chile, shirikisho la mpira wa miguu la Hispania lilipiga marufuku kusajiliwa kwa wachezaji wapya wa kigeni, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1973. Klabu iliyokuwa imejengwa kwa majina kutoka Argentina, Hungary, Uruguay na Ufaransa ililazimika kutafuta warithi wao ndani ya mipaka ya nchi. Katazo hilo liliwahusu wote, lakini hakuna klabu iliyokuwa na mengi ya kupoteza kama Real Madrid, na hakuna iliyolimudu vizuri zaidi.

Lililobaki lilikuwa suala la Di Stéfano. Alikuwa amefunga katika fainali zote tano za kwanza za Ulaya. Wapo wanaoamini hadi leo kuwa hakuna mchezaji mmoja aliyewahi kuibadilisha klabu kwa kiasi alichoibadilisha yeye. Alipenda kuongoza mchezo kutoka kila pembe ya uwanja na kuwaelekeza wenzake, na kwa miaka kumi jambo hilo lilikuwa neema. Hata hivyo, mwezi Mei 1964 alikuwa anakaribia miaka 38, na timu nzima ilikuwa bado inapita miguuni mwake.

Tarehe 27 Mei 1964, katika uwanja wa Prater mjini Vienna, Real Madrid ilikutana katika fainali na Inter ya Milano, ambayo sasa ilikuwa chini ya Helenio Herrera yule yule. Inter ilishinda mabao 3 kwa 1, mawili yakifungwa na Sandro Mazzola. Di Stéfano hakukubaliana na mpango wa mchezo ulioandaliwa na Muñoz, na kutokubaliana huko hakukubaki siri. Watu wawili waliocheza bega kwa bega mjini Geneva mwaka 1955 walijikuta katika mgogoro ambao klabu ilipaswa kuuamua.

Bernabéu alikuwa upande wa kocha. Di Stéfano alipewa nafasi ya kubaki klabuni katika kazi nyingine isiyokuwa ya kucheza. Alikataa, kwa kuwa alijiona bado mchezaji, akahamia Espanyol ya Barcelona na kuendelea kucheza kwa misimu miwili hadi alipofikisha umri wa miaka 40. Aliondoka akiwa na uchungu, na uhusiano wake na rais wa klabu haukupona kirahisi.

Uamuzi huo unaweza kutazamwa kwa namna mbili, na mwandishi huyu hadhani kwamba upande mmoja una haki yote. Mchezaji aliyeipa klabu makombe matano ya Ulaya alistahili kuagwa kwa namna bora zaidi kuliko kuondoka katikati ya mzozo. Kwa upande mwingine, kocha asiyeweza kumweka kando mchezaji aliyekwisha kupungukiwa na kasi, kwa sababu tu ya ukubwa wa jina lake, hana mamlaka mbele ya wengine kumi. Muñoz alilipa gharama ya uamuzi wake. Kama msimu uliofuata ungekuwa mbaya, lawama zote zingemwangukia yeye, si Bernabéu. Msimu huo, bila Di Stéfano, Real Madrid ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya tano mfululizo.

Ulaya haikuwa rahisi hivyo. Benfica iliifunga mabao 5 kwa 1 mjini Lisbon mwanzoni mwa mwaka 1965 na kuitoa katika robo fainali. Wakati huo kikosi kipya kilikuwa bado hakijashikamana. Puskás, aliyekuwa karibu kufikisha miaka 40, alikuwepo bado, na mwanzoni mwa msimu wa 1965-66 aliifunga Feyenoord ya Uholanzi mabao manne katika mchezo mmoja jijini Madrid. Lakini kadiri msimu ulivyosonga mbele nafasi yake ilichukuliwa na vijana, na mwaka 1966 alistaafu. Tofauti na Di Stéfano, alipisha njia bila vishindo.

Katika nusu fainali ya msimu huo walikutana tena na Inter, ambayo ilikuwa bingwa wa Ulaya kwa miaka miwili mfululizo. Pirri alifunga bao pekee katika mchezo wa kwanza jijini Madrid. Mjini Milano, Amancio alitangulia kufunga, Giacinto Facchetti akasawazisha, na Real Madrid ikasonga mbele. Wale waliokuwa wamezidiwa mbio Vienna walikuwa wamepata majibu ndani ya miaka miwili.

Fainali ilichezwa tarehe 11 Mei 1966 katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, dhidi ya Partizan ya Belgrade. Velibor Vasović aliwapa Wayugoslavia bao la kuongoza katika kipindi cha pili. Amancio alisawazisha dakika ya 70, na dakika sita baadaye Fernando Serena akafunga kwa shuti la mbali. Wachezaji wote 11 wa Real Madrid walikuwa wazaliwa wa Hispania: José Araquistain langoni, Pachín, Pedro de Felipe, Zoco na Manuel Sanchís nyuma, Pirri na Velázquez katikati, Serena, Amancio, Grosso na Gento mbele. Ni wawili tu kati yao, Pachín na Gento, waliokuwa uwanjani Glasgow mwaka 1960. Gento, aliyekuwa nahodha, alitwaa kombe hilo kwa mara ya sita, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia hadi mwaka 2024.

Magazeti ya Hispania yaliwaita vijana hao Ye-yé, jina lililotokana na muziki wa vijana wa zama zile. Walikuwa na nywele ndefu kidogo kuliko kawaida na walicheza kwa kukimbia kuliko kwa madaha. Hapa ndipo ukocha wa Muñoz unapopimwa. Kikosi cha Glasgow alikikuta, lakini cha Brussels alikiunda mwenyewe, kwa watu ambao nje ya nchi yao walikuwa hawajulikani. Msimu huo ubingwa wa ligi ulikwenda kwa Atlético Madrid, na ndio pekee uliomponyoka kati ya mwaka 1961 na 1969, kwani mwaka 1967, 1968 na 1969 Real Madrid iliutwaa tena.

Kikosi hicho nacho kilizeeka. Mwaka 1968 kiliongoza Manchester United mabao 3 kwa 1 hadi mapumziko katika marudiano ya nusu fainali jijini Madrid, kikamaliza kwa sare ya mabao 3 kwa 3 na kutolewa, kwa kuwa mchezo wa kwanza kilifungwa bao 1 kwa 0. Mwaka 1970 kilitwaa Kombe la Hispania, lakini katika ligi kilikuwa kimeanza kulegea. Msimu wa 1970-71 Real Madrid ilimaliza katika nafasi ya nne. Bingwa wa msimu huo alikuwa Valencia, na kocha wa Valencia alikuwa Alfredo Di Stéfano.

Mei 1971 Muñoz alipata nafasi ya kuokoa msimu huo katika fainali ya Kombe la Washindi Barani Ulaya, iliyochezwa nchini Ugiriki dhidi ya Chelsea ya Uingereza. Zoco alisawazisha dakika ya mwisho na mchezo ukaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Siku mbili baadaye timu zilirudiana na Chelsea ikashinda mabao 2 kwa 1. Gento aliagana na mpira hapo, na pamoja naye akaondoka mtu wa mwisho aliyewahi kucheza na Muñoz.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa majibu. Real Madrid ilitwaa ubingwa wa mwaka 1972, Valencia ya Di Stéfano ikashika nafasi ya pili. Huo ulikuwa ubingwa wa tisa wa Muñoz, na hakuna kocha mwingine aliyewahi kuutwaa ubingwa wa Hispania mara nyingi kiasi hicho. Kwake ulikuwa pia wa mwisho. Mwaka 1973 Ajax ya Uholanzi iliitoa Real Madrid katika nusu fainali ya Ulaya, ikishinda nyumbani na ugenini, na katika ligi timu ilirudi nafasi ya nne.

Katika kiangazi cha mwaka huo mipaka ilifunguliwa tena kwa wachezaji wa kigeni. Barcelona ilimsajili Johan Cruyff. Real Madrid ilimleta kiungo Günter Netzer kutoka Ujerumani Magharibi, mchezaji wa kiwango cha juu, lakini timu iliyomzunguka ilikuwa imechoka. Ipswich Town ya Uingereza iliitoa katika raundi ya kwanza ya Kombe la UEFA. Mwezi Januari 1974, ikiwa mbali na vinara wa ligi, Muñoz aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Luis Molowny. Klabu ilimaliza msimu ikiwa ya nane. Kocha aliyejua kwa usahihi mkubwa ni lini wachezaji wake walikuwa wamefika mwisho alikuwa amebaki katika kiti chake misimu miwili zaidi ya ilivyofaa.

Miaka iliyofuata ilimfundisha maisha ya klabu ndogo. Aliinoa Granada katika msimu wa 1975-76, uliomalizika kwa timu hiyo kushuka daraja. Kuanzia mwaka 1977 alikuwa Las Palmas, katika visiwa vya Canary, na mwaka 1978 aliifikisha klabu hiyo katika fainali ya Kombe la Hispania. Mchezo huo ulifanyika katika uwanja wa Santiago Bernabéu, mahali alipokuwa amefanya kazi kwa robo karne. Barcelona ilishinda mabao 3 kwa 1. Kisha akaenda Sevilla, alikodumu hadi msimu wa 1981-82.

Mwaka 1982 Hispania iliandaa Kombe la Dunia na kutolewa katika hatua ya pili, jambo lililowaumiza wananchi waliokuwa wamejiandaa kwa sherehe. Kocha wa timu ya taifa wakati huo alikuwa José Santamaría, beki aliyekuwa katika kikosi cha Glasgow. Shirikisho lilimwondoa na kumwita aliyekuwa kocha wake. Muñoz alikuwa na umri wa miaka 60.

Mtihani wake mkubwa ulikuja tarehe 21 Desemba 1983 mjini Sevilla. Ili kufuzu kwa fainali za mataifa ya Ulaya mbele ya Uholanzi, Hispania ilihitaji kuifunga Malta kwa tofauti ya mabao 11. Juan Señor alikosa penalti mwanzoni mwa mchezo. Malta ilipata bao, na hadi mapumziko matokeo yalikuwa mabao 3 kwa 1. Katika kipindi cha pili Hispania ilifunga mabao 9. Carlos Santillana na Hipólito Rincón walifunga manne kila mmoja, na bao la 12 likafungwa na Señor yule yule aliyekosa penalti. Uholanzi na Hispania zililingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, ila Hispania ilikuwa imefunga mengi zaidi. Wapo Waholanzi wasioyakubali matokeo hayo hadi sasa.

Huko Ufaransa, mwezi Juni 1984, timu hiyo ilianza kwa sare mbili na kufuzu kwa bao la Antonio Maceda dhidi ya Ujerumani Magharibi katika dakika ya 90. Denmark ilitolewa katika nusu fainali kwa mikwaju ya penalti. Katika fainali jijini Paris, tarehe 27 Juni, Muñoz aliwakosa Maceda na Rafael Gordillo waliokuwa wakitumikia adhabu ya kadi. Kipindi cha pili, mpira wa adhabu uliopigwa na Michel Platini ulimponyoka mlinda lango na nahodha Luis Arconada na kujikokota hadi wavuni. Ufaransa ilishinda mabao 2 kwa 0. Arconada alikuwa miongoni mwa walinda lango bora wa kizazi chake, na ni jambo la kusikitisha kuwa wengi nje ya Hispania wanamkumbuka kwa mpira huo mmoja.

Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 1986 nchini Meksiko, Muñoz alirudia alichokifanya miaka ishirini nyuma: aliwapa nafasi vijana waliokuwa wametoka tu kuibuka, wakiwemo Emilio Butragueño na Míchel wa Real Madrid. Katika mchezo wa kwanza dhidi ya Brazil, shuti la Míchel liligonga mwamba na kuvuka mstari wa goli, lakini mwamuzi hakulikubali bao hilo na Hispania ikafungwa bao 1 kwa 0. Baadaye iliifunga Ireland Kaskazini mabao 2 kwa 1 na Algeria mabao 3 kwa 0. Tarehe 18 Juni mjini Querétaro, Denmark, iliyokuwa imeshinda michezo yake yote ya makundi, ilifungwa mabao 5 kwa 1, manne yakiwa ya Butragueño. Siku nne baadaye, katika robo fainali mjini Puebla, Ubelgiji iliitoa Hispania kwa penalti baada ya sare ya bao 1 kwa 1.

Fainali za Ulaya za mwaka 1988 zilikuwa za mwisho kwake. Hispania iliifunga Denmark mabao 3 kwa 2, ikafungwa na Italia bao 1 kwa 0 na Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 0, na kurejea nyumbani mapema. Luis Suárez, mchezaji wa zamani wa Inter aliyekuwa uwanjani Vienna mwaka 1964, ndiye aliyechukua nafasi yake.

Miguel Muñoz alifariki dunia jijini Madrid tarehe 16 Julai 1990, siku nane baada ya fainali ya Kombe la Dunia nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 68. Kufikia siku hiyo ni mtu mmoja tu mwingine, Giovanni Trapattoni wa Italia, aliyekuwa ametwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kama mchezaji na kama kocha. Mwezi Novemba mwaka huo Real Madrid ilimwondoa kocha wake katikati ya msimu na kutafuta mtu wa kuishikilia timu kwa muda. Ikampigia simu Alfredo Di Stéfano, aliyekuwa na umri wa miaka 64, naye akakubali kurudi kukaa katika benchi lile.